Mwenye Mkono Hakuulizwa

Nateete, Kampala
14 Januari 2024

Ami Wahabi,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Arua, wewe na Mama Safinah na wote wa nyumbani, na kwamba kikohozi chako cha vumbi kimepungua. Huku hatujambo. Sumayiya wangu ameingia darasa la tano, na siku hizi anajua kufunga ushungi vizuri kuliko mimi mama yake. Jirani mwenye yule jogoo wa kelele amemchinja hatimaye, kwa hiyo tunalala kama watu.

Nimekupigia simu sijui mara ngapi, na kila nikifika penyewe unanikatia. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Barua utaichana ukipenda, lakini huwezi kunikatia katikati ya neno. Nimempa kondakta wa basi la Arua, yule uliyemfundisha kazi, na ameapa kukutia mkononi.

Ami, Oktoba iliyopita nilikuwa nyuma ya bodaboda ya Josias, yule Mkongo wa stendi yetu, tukipanda kwenda Lubaga na mafungu yangu ya ukindu. Pikapu ya Hajji Yasiin ikatoka kituo cha mafuta, dereva hakutazama huku wala huku, ikatuzoa. Josias alivunjika mguu. Mimi mkono wangu wa kulia ulibaki chini ya gurudumu. Haya unayajua.

Nikiwa bado wodini, nimelewa dawa, wewe ulishuka kwenye basi ukaenda moja kwa moja nyumbani kwa Hajji. Mkanywa kahawa, mkainua mikono, mkasoma Fatiha, ukatamka mbele ya wazee wetu wa Kinubi kwamba ukoo umesamehe na jambo limekwisha. Ukapita kunitazama nimelala, ukarudi Arua. Nilipozinduka sawasawa, majirani ndio walionipa habari kwamba nimesamehe.

Kwa kinywa cha nani, Ami? Dereva nimemsamehe mimi mwenyewe, kwa kuwa alikuja hapa, akaketi mkekani, akalia mpaka Sumayiya akamletea maji. Hajji hajakanyaga kwangu hata siku moja. Hupita hapa na pikapu ileile, kioo amekipandisha.

Basi nataka kudai haki yangu kisheria. Nakuambia wewe kwanza kwa heshima, sikuombi ruhusa. Mkono ulivyo sitakueleza. Ungeuliza ningekuonyesha.

Mwanao,
Nuriat


Arua
3 Februari 2024

Binti yangu Nuriat,

Wa alaikum salaam. Tuko wazima. Mama Safinah amekuwekea ufuta wa kusaga na anauliza lini utakuja kuuchukua. Mbuzi wawili wamezaa. Kikohozi changu hakijaondoka, kimezoea kifua hiki kama mpangaji wa siku nyingi.

Barua yako nimeisoma. Kwanza mwandiko. Marehemu babako na mimi tulikufundisha kuandika mstari ukanyooka. Huu ulioniletea umepinda, herufi zimeanguka kila upande. Mtu anayemwandikia mkubwa wake hutuliza hasira kwanza, ndipo akashika kalamu. Niliona kiburi kabla sijasoma neno.

Pili, kwetu wazee wakishasoma Fatiha jambo limefungwa, hata mwenye uchungu halifungui. Hivyo ndivyo tulivyoishi katika nchi ambayo kuna nyakati haikututaka. Tungekimbilia mahakama kwa kila ugomvi, leo tusingekuwa na wa kumsalimia. Hajji aliniambia daktari amesema mkono utapona, na gharama za hospitali alizibeba bila kuombwa. Unataka akufanyie nini tena?

Mimi ndiye badala ya babako. Nimesema yamekwisha. Usinivue nguo mbele ya watu.

Ile tabaga uliyonisukia bado inafunika chakula mezani, rangi haijapauka. Nisukie nyingine ya Iddi, nyekundu na nyeusi.

Ami yako,
Wahabi


Nateete
25 Februari 2024

Ami Wahabi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Safinah. Ufuta wake naumezea mate. Mvua imeanza, mtaro wa nyuma umefurika, Sumayiya anaruka madimbwi akienda shule na kurudi ana matope mpaka masikioni.

Habari ya tabaga sina jibu. Habari ya mwandiko pia sina.

Ya Fatiha ninalo. Nilikwenda kwanza kwa shehe wa msikiti wetu, usije ukasema nimewakimbia wangu. Nikamweleza yote. Akaniuliza kama nilikuwepo mliposoma. Nikasema nilikuwa usingizini kwa dawa. Akasema haki ya kusamehe jeraha ni ya aliyejeruhiwa, akiwa mtu mzima mwenye akili zake, na hakuna wa kumsamehea. "Hao walisoma dua," akasema, "na dua ni kheri, lakini wewe hukuulizwa."

Kutoka hapo nikapanda hadi Kamwokya. Kuna wakili anaitwa Nerima, anawasaidia watu wasio na uwezo, ofisi yake iko juu ya saluni na muziki wa chini unatikisa meza. Mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulizoea. Kisha akasema, "Mzee wako kama alisamehe, hiyo ni yake. Wewe ni mtu muzima. Kortini mtu muzima anasema yeye mwenyewe."

Amenieleza kwamba mwenye gari hujibu kosa la dereva aliyekuwa katika kazi yake, na siku ile dereva alikuwa anapeleka saruji ya Hajji. Kwamba gari lazima liwe na bima kwa ajili ya watu wa nje linaowaumiza. Kwamba kudai kuna muda wake, miaka mitatu tangu ajali, na anayengoja wazee wapoe humpita. Kwamba kulipa hospitali ni jambo moja, na kazi niliyopoteza ni jingine. Haya yote nilikuwa siyajui, na wewe uliyeendesha mabasi maisha yako yote hukuniambia hata moja.

Josias atakuwa shahidi. Watu wa Hajji walimfuata stendi wakamwambia mkimbizi hana la kusema mahakamani. Amekuja kwangu na magongo yake. "Mi nitasema tu, dada," akaniambia. "Niliona na macho yangu mbili. Wakinifukuza ku stage hii, nitaenda ku stage ingine." Nerima anasema mkimbizi hutoa ushahidi kama mtu mwingine yeyote. Mimi nimejifunza ujasiri kwa Mkongo mwenye mguu mmoja mzima.

Ramadhani njema ikifika.

Nuriat


Arua
20 Aprili 2024

Nuriat,

Salamu. Nyumbani wote wazima.

Iddi imepita. Nafasi yako kwenye sinia ilibaki wazi, Mama Safinah alikataa mtu mwingine aikalie. Hajji Yasiin alisafiri kutoka Kampala na familia yake, akaketi, akala nasi. Wewe damu yangu hukuja, wala hukutuma neno, wala tabaga hukuleta. Watu waliniuliza. Nilisema unaumwa malaria. Umenifanya niseme uongo siku ya Iddi.

Hajji amesikia habari za wakili. Hakunigombeza, aliniangalia tu, na afadhali angenigombeza. Acha jambo hili. Sitaandika mengi.

Wahabi


Nateete
6 Mei 2024

Ami,

Assalamu alaikum. Sumayiya amekuwa wa tatu darasani, anataka ujue. Mimi nimeanza kuuza chai asubuhi pale stendi, Josias ananibebea birika.

Kesi imefunguliwa. Nimeweka sahihi yangu na sasa iko mahakamani, na jina la Hajji limeandikwa pale kwa herufi kubwa.

Kwa nini sikuja Iddi, sababu yangu ninayo, na si chuki. Wewe hukuuliza sababu, umeuliza tabaga.

Sasa nami nina swali, na nitalisema wazi kwa kuwa limenikaba. Hajji alikupa nini? Nakujua, Ami. Uliwahi kugombana na askari wa barabarani mpaka ukalala mahabusu kwa ajili ya abiria mmoja aliyesukumwa, hata humjui jina. Mtu huyohuyo, mtoto wa ndugu yake yuko wodini, anamaliza jambo kwa kikombe cha kahawa? Kama hakukupa kitu, basi niambie ni nini kilichokufunga mdomo. Na kama alikupa, nitakaza uzi zaidi.

Wakili wa Hajji ameandika kwamba madai yangu hayana msingi kwa sababu familia ilishasuluhisha, na shahidi wake wa kwanza ni wewe.

Nuriat


Arua
19 Agosti 2024

Nuriat,

Nimechelewa. Kalamu niliishika mara nyingi nikaiweka. Mama Safinah hajambo, amenifokea kwa ajili yako mpaka amechoka.

Umeniuliza Hajji alinipa nini. Hukupaswa kuniuliza hivyo, na nimekasirika, na bado nimekasirika ninapoandika. Lakini nitakujibu.

Mwaka 1979, serikali ya jeshi iliyohesabiwa kuwa yetu ilipoanguka, Mnubi alikuwa akitafutwa nyumba kwa nyumba, awe askari au muuza maandazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Babako alikuwa mdogo, ana homa, nilikuwa nimembeba mgongoni tangu Bombo. Barabarani tulimkuta baba yake Hajji na lori lake, amepakia duka lake lote: majora ya vitambaa, sukari, cherehani. Alikuwa anakimbia na mali yake kama kila mtu. Alisimama. Akafungua ubao wa nyuma, akaanza kushusha. Alitupa duka zima kwenye majani, akapakia watoto na wanawake. Hajji alikuwa mtoto kama mimi, alikaa mbele analilia vitu vyao. Tulivuka mpaka wa nchi usiku ule tukiwa hai. Habari za waliobaki barabarani sitaziandika.

Yule mzee hakuwahi kututajia jambo lile mpaka alipokufa. Hajji naye hakulitaja siku ile ya kahawa. Alinimiminia tu, akaniangalia, na mimi nikainua mikono kusoma.

Sasa unajua walichonipa watu wale. Walinipa babako. Bila lori lile, wewe na kesi yako hamngekuwepo.

Wameniita kuja kutoa ushahidi. Nitakuja, na nitasema nilichofanya.

Wahabi


Nateete
8 Septemba 2024

Ami yangu,

Assalamu alaikum. Barua yako niliisoma jikoni, nikaisoma tena, chai ikamwagika motoni. Baba hakuwahi kunisimulia. Nimemwombea yule mzee, na nitamwombea kila Ijumaa maadamu napumua. Swali langu lilikuwa baya na naliondoa.

Lakini kesi siiondoi. Nisikilize, kwa kuwa kwenye karatasi huna namna.

Yule mzee alishusha mali yake ili watu wapande. Mwanawe gari lake limenipita juu, na yeye ameshindwa kushusha hata kioo. Hilo lori ulipanda wewe na baba, na shukrani yake ni yenu. Lipa, Ami, una haki ya kulipa. Mpe mbuzi wako, mpe siku zako, mketi naye kila Iddi. Lipa kwa kilicho chako. Mkono huu haukuwa wako, na hukuniuliza kama nautoa.

Na jambo jingine. Watu wake walimwambia Josias kwamba mkimbizi hana la kusema. Wewe uliyebebwa kuvuka mpaka, hilo linakukaaje kooni?

Njoo ushuhudie. Sitakuomba useme uongo kwa ajili yangu. Ila ujue mimi nitakuwepo, nimeketi mbele, na sitainamisha macho.

Nuriat


Nateete
23 Februari 2025

Ami Wahabi,

Salamu kwenu nyote. Sumayiya ameingia darasa la sita. Jirani amenunua jogoo mwingine.

Imepita zaidi ya wiki tangu mahakamani, na hujaandika wala hujapiga simu, basi naanza mimi.

Najua uliona. Walikuweka nje kwa sababu shahidi hutakiwa asisikie wengine, lakini mlango wa chumba kile haufungi, na benchi lako lilikuwa linautazama. Nilikuja nimeuviringisha mkono kwa ushungi, kama ninavyotembea nao siku zote. Karani akaleta Msahafu akasema, "Shika na mukono ya kuria, mama." Nikatoa wa kushoto. Akasema tena, ya kuria. Hapo nikafungua kitambaa mbele ya wote, nikaweka juu ya Kitabu kile kilichobaki, kidole gumba na viwili visivyokunjika. Sikuwa nimeonyesha mtu yeyote isipokuwa daktari, Nerima na Sumayiya. Nikainua macho nikakuona mlangoni, umesimama, kofia iko mkononi.

Wewe ulipoingia walitaka useme Kiingereza, ukakataa. Ukasema jeshini baba yako aliapa kwa Kiswahili na wewe utaapa kwa Kiswahili, watafute mkalimani. Nusura nicheke. Wakili wa Hajji akakuuliza kama ni kweli ulisoma Fatiha na mteja wake.

"Nilisoma," ukasema.

"Na mkamaliza jambo hili?"

"Mimi nilimaliza yangu. Nilikuwa na hasira yangu, hiyo nikaiacha pale kwa Hajji, na sitairudia. Ule mkono si wangu. Mwenye mkono hakuulizwa. Mimi mwenyewe sikumuuliza."

Akakuambia wewe ni mkubwa wa familia, kwa hiyo ulisema kwa niaba yake. Ukamtazama kama unavyomtazama abiria asiyekuwa na tiketi. "Huyu amesema mwenyewe tangu mdogo," ukasema. "Waulize walimu wake."

Baadaye Josias akaitwa. Wakili akaanza habari za ukimbizi wake, hakimu akamkatiza, akasema swali ni kama ameona au hakuona. Josias akasema aliona, na akaeleza yote. Jumatatu hakimu ametoa uamuzi kuhusu lile pingamizi la wakili wa Hajji: Fatiha ile haikufunga madai yangu, kwa kuwa mimi sikuwepo wala sikukubali. Kesi inaendelea Mei. Nerima alinishika bega, akasema tusishangilie bado. Mimi nilishangilia.

Lakini wewe, siku ile ya ushahidi, ulitoka, ukanipita ukumbini bila salamu, ukaenda zako stendi ya mabasi. Nilikuita. Najua ulisikia. Nimeshinda mbele ya hakimu, na tangu siku ile sijui kama bado nina Ami. Niambie moja kwa moja. Naweza kulibeba.

Nuriat


Arua
12 Machi 2025

Nuriat, binti wa ndugu yangu,

Wa alaikum salaam wa rahmatullah. Tumefunga salama. Mama Safinah anasoma barua hii begani mwangu ili nisiandike upuuzi.

Sikukusalimu kwa sababu ningekupa mkono, na wewe ungenipa wa kushoto, na mimi ningelia mbele ya yule wakili. Sikutaka apate furaha hiyo. Ni hilo tu. Ami unaye, jinga wewe.

Nilipofika nyumbani nilitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Nikaona mstari unaopinda, nikajua sasa unapindwa na nini. Ulikuwa unajifundisha kuandika upya, na mimi nilikuwa nakuhesabia makosa. Nikaona pale nilipokuagiza tabaga. Nikaona Iddi, na sinia, watu wote wanatia mkono wa kulia, na wewe ungetia upi mbele yao. Hukusema, na mimi sikufikiri.

Siku ileile ya mahakama nilikwenda kwa Hajji kabla sijapanda basi. Nilimwambia lori la baba yake nitalishukuru mpaka kaburini, na kwamba nimeuona mkono. Nikamwambia aende Nateete, aketi mkekani kama alivyoketi dereva wake. Hakunimiminia kahawa. Amesema Iddi hii hataketi nasi. Basi atakula kwake.

Mei nitakuja kukaa nyuma yako mahakamani, nikiitwa au nisipoitwa. Mwambie Josias alale hapa kwetu akipita, mguu wake unahitaji uji wa ufuta.

Iddi ni mwisho wa mwezi. Njoo, wewe na Sumayiya. Chakula kitafunikwa na tabaga yako ileile, sitaki nyingine. Utaketi upande wangu wa kulia, utakula kwa mkono ulio nao, bila kitambaa. Na atakayeutazama, aanze kunitazama mimi.

Ami yako,
Wahabi